Uliza Nikujibu: diplomasia ya umma, ualimu, na sie wa Tanga

Toleo lililopita niliandika kidogo kuhusu kazi niliyoifanya karibu maisha yangu yote, diplomasia ya umma, yani ule upande wa ubalozi unaoshughulika na watu wa kawaida wa nchi uliyopelekwa, waandishi wa habari, walimu, wanafunzi, wasanii, wazee wa mitaani, nikasema pia kwamba tangu nistaafu na kurudi hapa Tanga nafundisha na naona bado nipo kazini. Barua zimekuja nyingi sana, asanteni. Zilizouliza jambo moja nimeziunganisha, ndefu nimezifupisha, majina nimeyaacha kando ila mji au mtaa nimeuweka ili wenzenu wajue mnatokea wapi.

Shikamoo mama. Mi niko kidato cha sita hapa Tanga mjini nasoma HKL, yani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Rafiki yangu anasema diplomasia ya umma ni propaganda iliyovaa suti tu. Ni kweli? Na inatofautiana vipi na kazi ya balozi tunayoisikia kwenye taarifa ya habari? (Msomaji wa Ngamiani, Barabara ya 12)

Marahaba mwanangu. Anza na hili la pili ndo la kwanza litaeleweka. Balozi unayemsikia kwenye taarifa ya habari anaongea na serikali, anapeleka hati za utambulisho kwa rais wa nchi ile, anakaa na waziri, anajadili mikataba, mikopo, mipaka, viza. Diplomasia ya umma inaruka hapo inaenda kwa wananchi wenyewe, kwa sababu serikali nyingi siku hizi haziwezi kufanya jambo ambalo watu wao hawalielewi au wanalichukia. Jina hili kwa maana tunayoitumia leo lilianza kuvuma mwaka 1965, pale Edmund Gullion, balozi mstaafu wa Marekani aliyekuwa mkuu wa chuo cha Fletcher kwenye Chuo Kikuu cha Tufts, alipolitumia kuanzisha kituo cha masomo. Na angalia huyo mtu alikuwa nani wakati huo, balozi aliyegeuka mwalimu. Mi hilo silioni kama bahati tu.

Lakini jambo lenyewe ni la zamani kuliko jina, na nyie mmelelewa nalo bila kujua. Muulize babu yako redio aliyokuwa anasikiliza jioni barazani. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili Juni 1957, Sauti ya Amerika 1962, Deutsche Welle 1963. Jiulize kwa nini nchi tatu kubwa zilipe watangazaji, mitambo na umeme ili mtu wa Mkwakwani au Lushoto asikie habari kwa lugha yake bila kulipa hata senti. Walitaka watu wa huku wawajue, wawaamini, na siku serikali zikikaa mezani kuwe na watu nyuma wanaosema hawa tunawafahamu. Hiyo ndo diplomasia ya umma.

Sasa propaganda. Rafiki yako hajakosea sana, kuna ofisa wa ubalozi anayefanya propaganda na anaiita diplomasia, nimewaona. Mi kipimo changu ni kimoja, je huyu unayeongea naye anaweza kukuuliza swali likakubana, na je jibu lake unalirudisha nyumbani kwa wakubwa wako? Kama vyote viwili havipo basi ni spika ya msikitini imegeuzwa upande mmoja tu, inapiga na haisikii. Edward R. Murrow, mtangazaji maarufu aliyeiongoza idara ya habari ya Marekani kwa nchi za nje, ile USIA, kuanzia 1961 mpaka 1964, alikuwa akisema kurusha sauti maili elfu ngapi sio kazi, kazi iko kwenye zile futi tatu za mwisho, mtu na mtu wanapokaa uso kwa uso. Mi nimeishi kwenye hizo futi tatu na naamini alisema kweli. Idara yenyewe ilianzishwa 1953, ikavunjwa 1999 na kazi zake kuingizwa wizara ya mambo ya nje ya kwao, na mpaka leo ofisa wa Marekani anapoomba kazi anachagua mkondo mmoja kati ya mitano, na diplomasia ya umma ni mmojawapo. Sisi kwetu haijawa mkondo unaojitegemea namna hiyo, unaweza kukuta ofisa mmoja ana habari, utamaduni, wanafunzi, diaspora na bado Jumatatu yuko kwenye kikao cha biashara. Ningependa sana hili libadilike na ntaendelea kulisema kila nikipewa nafasi.

Kwa siku nzima mnafanya nini hasa? Maana sie tunaona picha za karamu tu. (Msomaji wa Chumbageni)

Karamu zipo, hazikwepeki, ila mtu anayezitegemea hizo hana kazi pale.

Asubuhi unaanza na magazeti. Unasoma yote ya nchi uliyopo, unakata yanayoihusu nchi yako au bara lako, unatafsiri, unaandika muhtasari wa ukurasa mmoja ambao balozi lazima awe nao mezani kabla ya saa tatu, na hapo lazima uandike na yale mabaya, ofisa anayemficha bosi wake habari mbaya anamwandalia aibu mchana. Halafu simu za waandishi zinaanza. Mwandishi anakupigia ana dakika ishirini kabla gazeti halijafungwa, anataka kauli, na wewe lazima ujue kwa sekunde hiyo hiyo lipi unalisema kwa jina lako, lipi unalisema ili aelewe tu asiliandike, na lipi unamwambia naomba nikupigie baada ya nusu saa, halafu UMPIGIE KWELI. Ukimdanganya mara moja hatokuamini tena na wenzake wote watajua kabla ya magharibi.

Mchana ni watu. Wanafunzi wenye matatizo ya paspoti na ada, profesa anayetaka kuja kufanya utafiti Amani kwenye milima ya Usambara, kikundi cha ngoma kimekwama uwanja wa ndege kwa sababu marimba hayaingii kwenye mizigo. Jioni ndo darasa, mhadhara, maonyesho.

Hapo kwenye jioni niwaelezee kitu kimoja. Kituo kimojawapo nilichokaa tulikuwa na darasa la Kiswahili pale pale ubalozini, chumba cha kusubiria viza, viti tunavigeuza, picha ya Rais ukutani, chupa ya chai ya tangawizi mezani na kalmati nimekaanga mwenyewe mchana. Wanafunzi walikuwa nesi mmoja, kijana wa chuo, mzee mmoja mwenye mkwe wa kutoka huku kwetu anataka aongee na wajukuu, na dada mmoja aliyekuwa anaanza uandishi wa habari. Nilikuwa nawafundisha salamu kwanza na salamu zetu mnazijua haziishi, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za toka juzi, yule dada akauliza mbona mnaulizana mambo mengi na jibu ni nzuri tu? Tukakaa karibu saa nzima kwenye hilo, nikamwambia unampa mtu nafasi, kama ana msiba au mgonjwa atapata mahali pa kusemea kwenye swali la tatu au la nne. Akaandika kwenye daftari. Miaka kadhaa baadaye alikuwa dawati la kimataifa la gazeti kubwa la nchi ile, na gazeti lilipotaka kuandika habari nzito juu yetu alinipigia kwanza, hakuniomba nimpambie, aliniuliza maswali makali kweli kweli, ila aliuliza KABLA ya kuandika. Mabango yote tuliyowahi kuchapisha hayakutuletea kitu kama kile.

Mama habari za siku. Mi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya sekondari, nina miaka 26. Je mwalimu anaweza kuingia kwenye mambo haya au ni ya waliosoma sheria na uhusiano wa kimataifa tu? (Mwalimu, Muheza)

Nzuri mwalimu wangu, za huko Muheza, machungwa yameshaanza?

Barua yako nimeisoma mara mbili maana ndo inayonigusa zaidi. Rais wetu wa kwanza tunamwita Mwalimu na alifundisha kweli, Tabora St. Mary's na Pugu, kabla ya kwenda kusimama New York kudai uhuru wetu mbele ya watu ambao wengi wao hawakuijua Tanganyika iko wapi, na aliwaelezea hatua kwa hatua bila kuwatukana. Dkt. Asha-Rose Migiro alikuwa mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akaja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje 2006, mwaka uliofuata Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, baadaye akatuwakilisha London. Na wapo waliokwenda njia ya upande wa pili, Balozi Liberata Mulamula ni mwanadiplomasia wa toka ujana, amekuwa balozi wetu Washington kuanzia 2013 hadi 2015, alipotoka hapo akarudi wizarani kuwa Katibu Mkuu, baadaye akaingia Chuo Kikuu cha George Washington kule kule Washington akawa kwenye masomo ya Afrika, halafu 2021 akarudi nyumbani kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mlango wa darasa na mlango wa ubalozi vinafunguka pande zote mbili.

Kwako wewe hasa kuna kitu kinaitwa Fulbright FLTA. Fulbright ni mpango wa serikali ya Marekani wa kubadilishana wasomi, ulianza kwa sheria ya 1946 iliyopelekwa na seneta J. William Fulbright wa Arkansas, fedha za mwanzo zilitokana na kuuza mali za jeshi zilizobaki nchi za nje baada ya vita. Huo wa FLTA ni wa walimu vijana wanaokwenda kusaidia kufundisha lugha zao kwenye vyuo vya kule kwa mwaka mmoja wa masomo, na Kiswahili kimo. Unafundisha, unasoma kozi kidogo, unaandaa usiku wa utamaduni, unapika pilau unawaita majirani, yani unafanya kazi yangu bila kuitwa mwanadiplomasia. Haikupi digrii, lijue hilo mapema. Na viza yake ni ile ya kubadilishana, J-1, yenye sharti la kurudi nyumbani na kukaa miaka miwili kabla hujaomba uhamiaji wa kule, kwa hiyo anayekwambia ukifika huko unazamia anakuharibia wewe na mwenzio wa mwaka unaofuata. Fuatilia matangazo ya ubalozi wao Dar es Salaam WENYEWE, usimlipe mtu hela ya fomu, fomu ni bure.

Na usijidharau kwa sababu unafundisha Kiswahili. Chuo cha wizara ya mambo ya nje ya Marekani kinakadiria ofisa wao anahitaji wiki kama 36 za darasani kutwa kufikia kiwango cha kufanyia kazi kwa Kiswahili, wakati kwa Kifaransa au Kispaniola ni chache zaidi, Kiarabu na Kichina ni 88. Sasa wewe kitu ambacho wenzio wanalipiwa mshahara karibu mwaka mzima wakae dawatini wakipate, unacho na unajua kukifundisha. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wamekifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne 2019, Umoja wa Afrika wakakichukua kama lugha ya kazi Februari 2022, UNESCO wameipa Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wakalimani, watafsiri, walimu wa kwenda Afrika Kusini, wote hao watatoka wapi kama sio kwenu? Ila lazima ujifunze kufundisha Kiswahili kwa MGENI, hiyo ni fani nyingine kabisa. Mtoto wa Muheza unamfundisha ushairi na sarufi ya kujibia mtihani, mgeni unamfundisha anunue nyanya kwanza. Tafuta mgeni hata mmoja, wapo wanaojitolea huko kwenye hospitali na miradi ya misitu, ufanye naye saa mbili kwa wiki uone unavyotoka jasho.

Naomba kuuliza kwa niaba ya binti yangu, kamaliza kidato cha nne vizuri, anasema anataka kuwa balozi. Nasikia bila mjomba wizarani hapenyi mtu. Nimkatie tamaa mapema? (Baba, Makorora)

Hapana baba, tafadhali usifanye hivyo.

Njia ipo na iko wazi. Kuna Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, Dar es Salaam, kilianzishwa 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji, sasa kinabeba jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, mwanadiplomasia wetu mkongwe. Kinaanzia ngazi ya cheti, kwa hiyo hata huyo wa kidato cha nne akiwa na ufaulu wanaoutaka anaingia, anapanda stashahada, shahada, na wanafundisha lugha pia. Mi lakini kwa binti mwenye matokeo mazuri ningemwambia amalize kwanza kidato cha tano na sita, asome kitu chochote anachokipenda kwa undani, historia, uchumi, sheria, hata kilimo, halafu diplomasia aiongeze juu kwa stashahada ya uzamili. Ofisa anayejua diplomasia tu na hana kingine anachokijua ni mgumu kumtumia. Kazi zenyewe zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwa jina la Afisa Mambo ya Nje, unaomba kwenye mfumo wao wa mtandaoni, kuna usaili wa kuandika wa mchujo halafu wa mahojiano. Ushindani ni mkali, nafasi chache, sitokuficha. Na huyo wa mjomba nae nimekutana nae, anaingia kwa kelele, lakini akipelekwa kituoni akaambiwa asimame aongee na wahariri kwa Kifaransa nusu saa mjomba hawezi kumwongelea.

Ukishaingia unapanda taratibu, Katibu wa Tatu, wa Pili, wa Kwanza, Mshauri, na kuendelea, na wengi wanastaafu bila kuwa mabalozi maana balozi anateuliwa na Rais na anaweza kutoka jeshini, chuoni au kwenye siasa. Mi niliishia Mshauri na nimeridhika nayo. Hilo muelezee mapema, asije akakipenda cheo akaikosa kazi. Dkt. Salim mwenyewe alitumwa Misri kuwa balozi 1964 akiwa na miaka 22, lakini zile zilikuwa nyakati za nchi changa isiyokuwa na watu wa kutosha wa kazi hiyo, kwa sasa hesabu miaka mingi.

La mwisho kwako kama baba. Hii kazi inamhamisha mtu kila baada ya miaka michache, watoto wanabadilishiwa shule na lugha, mume au mke anaacha kazi yake anafuata, na misiba unaisikia kwa simu. Mama yangu alifariki nikiwa kituoni, nilifika Tanga ameshazikwa, na ndugu zangu walinielewa ila mi mwenyewe bado linaniuma. Mwambie binti na hayo, halafu muache achague.

Diplomasia ya umma imeisaidia nini Tanga? Naona vibao vya miji rafiki na shule zenye majina ya Kizungu basi. (Msomaji wa Raskazone)

Swali zuri, na linanikera kidogo kwa sababu historia yetu wenyewe hatuisemi.

Tanga ina urafiki na Eckernförde, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Ujerumani kwenye Bahari ya Baltiki, toka mwaka 1963. Sasa tazama kilichofuata. Baada ya Muungano wa 1964 Zanzibar ilikuwa tayari imeitambua Ujerumani Mashariki, Mwalimu akakubali wawe na ofisi ya konseli Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi wakakasirika wakaondoa msaada wao wa kijeshi mwanzoni mwa 1965, Mwalimu nae akawaambia basi ondoeni na uliobaki. Fikiria ubaridi wa hapo! Desemba ya mwaka huo huo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia na haukurudi mpaka 1968. Kwa upande wa serikali ulikuwa mwaka mzito kupita kiasi. Lakini ule urafiki wa miji miwili ulikuwa mchanga wa miaka miwili tu na haukufa, upo mpaka leo, na jina la Eckernförde mtoto wa Tanga analijua kwa sababu liko kwenye shule hapa hapa mjini. Kemi ya Finland nao wamefanya kazi na halmashauri yetu, Toledo ya Ohio nao ni ndugu. Serikali zikigombana kuna watu wanaobaki wanaandikiana, na hao ndo wanaowarahisishia mabalozi kazi ya kurudi.

Ila usifikiri ni wao tu wanaotuletea. Kuna mwaka nilialikwa maktaba ya mji wa wakulima, mbali sana na mji mkuu wa nchi niliyokuwepo, nikaenda na picha na ramani. Mzee mmoja alikaa nyuma kimya, mikono mikubwa ile ya shamba, maswali yalipoisha akanisogelea akasema neno Tanga analijua toka mtoto kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye vifungashio vya kamba alizokuwa anafungia majani ya ng'ombe wa baba yake, miaka yote akidhani ni jina la kampuni. Nilimkalisha chini. Nikamwambia mkonge uliletwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikafika hai miche 62 tu, na kutoka hapo Tanganyika ikaja kuwa ya kwanza duniani, zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 60, nikamwambia kuhusu manamba waliotolewa mikoa ya mbali kuja kukata, ambao wajukuu zao ndo majirani zangu, na jinsi kamba za plastiki zilivyoingia sokoni mashamba yakafa na mji ukanyamaza. Akaniuliza, kwa hiyo sie tuliponunua ile ya bei rahisi ndo nyie mkaanguka? Nikamwambia ndiyo, kwa sehemu kubwa ndiyo, na kwetu pia kulikuwa na makosa yetu ya uendeshaji. Tukakaa mpaka mhudumu anazima taa. Binti yake alikuwa mwalimu, akaliunganisha darasa lake na shule moja ya huku, watoto wakaandikiana barua miaka mingi. Mzee yule hakuniuliza habari za simba, kama wengine, hata mara moja.

Je ni kweli mwanadiplomasia akivunja sheria hakamatwi? (Wengi)

Ana kinga, kwa Mkataba wa Vienna wa 1961, ili nchi mwenyeji isimtishe akashindwa kufanya kazi. Lakini mkataba huo huo kifungu cha 41 unamwambia aheshimu sheria za nchi alipo na asiingilie mambo yake ya ndani, na kifungu cha 9 unairuhusu nchi kumwambia hatukutaki aondoke bila hata kueleza sababu. Nchi yake pia inaweza kuiondoa kinga akashtakiwa. Basi.

Mlikuwa mnaitetea serikali hata pale ilipokosea? Uliwezaje kulala? (Msomaji wa Korogwe)

Nilitetea maamuzi niliyoyapinga ndani, ndiyo. Utaratibu ni kwamba unapinga kwa maandishi, kwa telegramu kwenda wizarani, kwa heshima na kwa sababu, na uamuzi ukishatoka unausema kama ulivyo au unajiuzulu. Wenzetu Marekani toka 1971 wana njia rasmi kabisa ya ofisa kupeleka hoja ya kupinga hadi juu bila kuadhibiwa, na mi ningefurahi na sisi tuwe na kitu cha namna hiyo kilichoandikwa. Kitu ambacho sikukifanya ni kusema uongo niliojua ni uongo. Kuna mara wakubwa fulani walitaka nitoe takwimu ambazo hazikuwa kweli, nikawaambia kauli hiyo aitoe mwingine, na nilikaa muda mrefu bila kupandishwa cheo baada ya hapo. Wanafunzi wangu nawaambia hivyo hivyo, kuna siku ya kunyamaza na kuna siku ya kusema sijui, zote mbili ni halali, ila ukidanganya umejimaliza kwa sababu mali yako pekee ni kuaminiwa.

Mama unafundisha nini saivi, na unafundishaje kitu ambacho ni cha uzoefu? (Mstaafu mwenzio, Lushoto)

Nafundisha vijana wa vyuo hapa mjini, na mara chache nikiitwa naenda kuongea na maofisa wapya. Nadharia nawapa, lazima, ila nusu ya muda tunaigiza. Mmoja anakuwa mwandishi mwenye hasira, mmoja ofisa wa ubalozi, meli imezama au mwanafunzi wetu kapigwa mtaani ugenini, una dakika kumi uandike kauli ya mistari mitano. Wanaandika kurasa mbili! Tunakata. Wanaandika "tumesikitishwa sana", nawauliza nani kasikitishwa, familia imepigiwa simu? Nani kaenda hospitali? Andika hilo kwanza. Kazi nyingine nawatuma barabara ya tisa kwenye kahawa, wakae na wazee jioni nzima bila simu mkononi, wasiseme hoja yoyote yao, warudi waniandikie kile mzee mmoja anachokiamini kuhusu nchi fulani na KWA NINI anakiamini. Hiyo ndo inawashinda wengi mwanzoni, wanarudi na maoni yao wenyewe wameyaweka mdomoni mwa mzee. Tunarudia mpaka waweze. Na wewe mwenzangu huko Lushoto kama ulikaa idara yoyote ya serikali miaka mingi, kuna shule karibu na wewe ina klabu ya midahalo isiyo na mlezi, nenda, hawatokulipa lakini nenda.

Mi niko Pangani, sina hela ya kwenda Dar wala ya chuo kwa sasa. Naanzia wapi? (Kijana, miaka 20)

Anzia hapo Pangani. Mji wako una mto, una nyumba za zamani, una historia ya pwani nzima, na watalii wanafika kisha wanaondoka wamepewa maelezo nusu nusu. Jifunze historia hiyo vizuri, kwa wazee na kwa kusoma, ukija Tanga pita makumbusho ya Urithi pale boma la Mjerumani, waulize maswali. Chagua lugha moja ya kigeni uishike kweli, redio na simu yako vinatosha kuanzia, hao Deutsche Welle na Wafaransa wana masomo ya bure mtandaoni. Sera yetu ya Mambo ya Nje ya 2001 toleo la 2024, ile iliyozinduliwa Mei 2025, itafute uisome, imezungumzia Kiswahili na diaspora pia, maana kwenye usaili wanauliza na wengi wanakwenda hawajaifungua. Halafu Julai 7 ikifika kusanya vijana wenzio na wageni wowote waliopo mjini mfanye Siku ya Kiswahili, mashairi, chakula, saa moja ya kufundishana salamu. Ukipata watu kumi wa uhakika niandikie mapema, ntapanda basi la asubuhi nije tufanye wote.